Gari Linalokula Mafuta

Jumatano, tarehe 9 Julai 1958, Katesh. Baridi. Mawingu yalifunika kichwa cha mlima Hanang hadi saa tano, upepo ukatoka mashariki, mvua haikunyesha.

Saa tisa alasiri ya siku hiyo Zubery bin Tawakali alirudi kutoka Arusha akiendesha gari jipya la kampuni. Lilikuwa pikapu la rangi ya kijivu, lenye turubai nyuma na matairi ambayo vinyweleo vyake vya mpira vilikuwa bado havijakatika. Alilisimamisha mbele ya banda la ngozi, akazima, akabaki ndani mikono yake ikiwa juu ya usukani. Nilimfuata na kumpa pole ya safari. Alisema, "Ignasi, usiseme kitu kwanza. Nataka kusikia likipoa."

Tulisikiliza. Chuma kilikuwa kikilia taratibu chini ya boneti, ti, ti, ti, kama sufuria iliyotolewa motoni.

Mimi nilikuwa karani wa kampuni hapo Katesh, na Zubery alikuwa mnunuzi wa ngozi. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Baba yake alitoka Kondoa na punda wanne wa chumvi na nguo, akaoa hapa, akafia hapa. Zubery hakupenda kukaa dukani. Kwa miaka tisa aliwafuata wafugaji wa tambarare kwa baiskeli, akiwafundisha kuwamba ngozi kwenye fremu na kuzikausha kivulini, kwa sababu ngozi iliyotandikwa chini juani hupasuka na kuwa haina thamani. Wengi walimwelewa. Shida ilikuwa usafiri. Ngozi nzuri ilisubiri Getanuwas wiki tatu hadi lori la kukodi lipatikane, na lilipofika wadudu walikuwa wamekwisha kuila. Mzee mmoja aliwahi kumwambia, "Wewe unafundisha vizuri, lakini huji."

Neno hilo moja, huji, lilimkaa Zubery rohoni kuliko tusi. Kwa hiyo kampuni ilipotangaza kwamba italeta gari moja la dizeli kwa majaribio, aliandika barua tatu kuliomba. Mimi ndiye niliyezisahihisha.

Gari lilikuja na karatasi ya masharti. Nilisoma kwa sauti, yeye akiwa bado ameketi ndani. Gari litakaa Katesh hadi tarehe 23 Julai, siku ambayo meneja atalikagua Mbulu. Kama ndani ya siku hizo litavutwa kwa kamba hata mara moja, au kukosa siku ya kununua ngozi mahali popote palipopangwa, litaondolewa na kupelekwa tawi lingine.

"Soma tena hapo pa kamba," Zubery alisema.

Nilisoma tena.

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Alishuka, akalizunguka pikapu, akaliegemea. Kisha akaenda bandani, akachukua baiskeli yake, akaifuta vumbi, akatia mnyororo mafuta na kuitundika juu kwenye boriti. Nilimwuliza kwa nini asimpe mtu. Alijibu, "Baiskeli haijafukuzwa. Iko likizo mpaka tarehe ishirini na tatu."

Siku zile za kwanza alijifunza gari kama mtu anavyojifunza tabia za mgeni aliyekuja kukaa. Fundi wa Arusha alikuwa amemwambia mambo matatu, naye aliyarudia kwangu kila asubuhi. Gari hili halina plagi za moto kama magari mengine, kwa hiyo ukivuka maji huna haja ya kuogopa. Kabla ya kupiga stata, ubonyeze kwanza swichi ya kupasha moto na kuhesabu hadi ishirini, usipunguze hata moja. Na mafuta yakikatika njiani, hewa ikaingia kwenye mabomba, halitawaka mpaka utoe ile hewa yote kwa kufungua skrubu ndogo iliyo kando ya chujio.

Zubery alihesabu ishirini zake kwa sauti, polepole, akianza na bismillahi. Akifika ishirini alipiga stata, na pikapu lilitetemeka, likatoa moshi mweusi, likaanza kugonga. Sauti yake ndiyo iliyokuwa ngeni kwetu. Magari ya petroli tuliyoyazoea yalivuma, lakini hili liligonga. Sauda, mke wa Zubery, alitoka nje siku ya pili akiwa amejifunga khanga mabegani kwa baridi.

"Mke mwenza wangu anakohoa," alisema. "Hajamaliza hata wiki, na tayari ana kifua."

"Anasafisha koo tu," Zubery alimjibu.

"Msafishe koo mbali na nguo zangu. Nimeanua shuka, linanuka taa ya kibatari."

Lakini alipolizoea alikuwa wa kwanza kusema kwamba linapanda mteremko wa sokoni na mzigo bila kupunguza mwendo. Na hilo lilikuwa kweli. Halikuwa na haraka. Pikapu la mfanyabiashara mmoja lilitupita kila siku likituachia vumbi. Ila kwenye mchanga wa korongo, pale ambapo jamaa huyo alishusha watu wasukume, letu lilipita likigonga tu, kama mzee anayetembea na fimbo. Na halikuwa mlafi. Debe moja lilitupeleka mahali ambapo lori la kukodi lingetumia madebe mawili na nusu. Niliandika maili na madebe kila jioni, na Zubery alisimama nyuma yangu akitazama kalamu kana kwamba naandika alama za mtoto wake shuleni.

Jumamosi tulikwenda Masakta. Hatujafika kwenye nyumba, tuliona akina mama watatu wakitoka mashambani kwa haraka, kila mmoja na kikapu cha mahindi kichwani. Tulisimama. Mkubwa wao, Justina, alichungulia nyuma ya turubai.

"Mashine iko wapi?" aliuliza.

"Mashine gani, mama?"

"Ya kusaga. Tumeisikia tangu kule mtoni."

Zubery alizima gari. Kukawa kimya. Akina mama walitazamana.

"Sasa imezimika," mmoja alisema kwa huzuni.

Ilibidi Zubery aliwashe tena ndipo waamini kwamba kelele yote ile ilitoka kwenye gari na hapakuwa na unga wowote. Justina alitua kikapu chini, akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya nguo. Tangu siku hiyo Masakta nzima waliliita pikapu hilo Msagaji. Zubery alijifanya kuchukia. Nilimsikia mwenyewe siku nyingine akilipiga kibao cha mgongo na kusema, "Haya Msagaji, twende."

Kila mahali aliwapa watu siku yao. Jumanne Getanuwas, Alhamisi Gehandu, Jumamosi Masakta. Alisema wazi kwamba mvua au jua, siku hiyo atakuja. Nilimshauri asiahidi sana, kwa kuwa gari bado lilikuwa la majaribio. Alisema, "Ndiyo maana naahidi. Ili nione aibu likiondoka." Hakucheka aliposema hivyo. Nilielewa kwamba kwake tarehe 23 ilikuwa siku ya kujua kama ataendelea kuwa mtu anayekuja, au atarudi kuwa yule asiyekuja.

Jumanne ya tarehe 22 tulikwenda Getanuwas. Hali ya hewa ilikuwa jua kali, vumbi, tambarare inameremeta kama maji. Mwenyeji wetu huko alikuwa mzee Gidamis, Mbarabaig mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, na ndiye yule aliyewahi kusema "huji". Safari hii alikuwa amekusanya ngozi kumi na saba kutoka kwa jirani zake, zote zimekauka kivulini, safi kama karatasi.

"Shikamoo mzee," Zubery alisema.

"Marahaba. Umekuja."

"Nimekuja, mzee. Na wiki iliyopita nilikuja."

"Nilikuona. Nimehesabu."

Zubery alishusha debe na faneli, akafungua kifuniko cha tangi ubavuni mwa gari, akaongeza. Mzee Gidamis alisimama karibu akiegemea mkuki wake, akitazama jinsi mafuta yanavyoingia. Aliuliza, "Linakula nini?"

Hapo ndipo neno moja lilipotuponza. Katesh ya wakati ule gari lilikula petroli, taa ilikula mafuta ya taa, na ukisema mafuta, basi, bila kuongeza neno, ulimaanisha ya kupikia au ya kujipaka. Lakini madereva wa dizeli wa Arusha walisema mafuta tu, na Zubery alikuwa amerudi na neno hilo kama mtu anavyorudi na kofia mpya.

"Mafuta," alijibu.

"Si petroli?"

"Hapana, mzee. Petroli ni ya magari ya zamani. Hili linakula mafuta tu. Ndiyo maana lina nguvu."

Mzee Gidamis alitikisa kichwa polepole. "Hata mtu ni hivyo," alisema.

Tuliingia bandani kukagua ngozi. Kazi hiyo haitaki haraka, kila ngozi inageuzwa na kuinuliwa kwenye mwanga. Tulipotoka baada ya saa nzima, tulikuta boneti la gari limepakwa siagi, mstari mpana kutoka kwenye kioo hadi kwenye taa, inang'aa juani. Tulijua maana yake. Wazee wa huko hupaka siagi kitu wanachokitakia heri. Zubery aliweka mkono kifuani, akamshukuru mzee, na hakuifuta. Mzee alisema, "Sasa litafika." Basi. Hakuongeza neno.

Njiani niliona kibuyu kidogo chenye mkanda wa ngozi kimewekwa vizuri nyuma, kati ya marobota. Kilikuwa kitupu. Zubery alidhani kimesahauliwa, akasema tutakirudisha Jumanne ijayo.

Hatukulala Katesh. Meneja alitutaka Mbulu saa nne asubuhi, kwa hiyo tulipanda moja kwa moja hadi Dongobesh na kufika jua likizama. Gari lilipanda vilima vile vizuri ajabu. Zubery alisema siagi ya mzee inafanya kazi. Maneno hayo niliyaandika jioni ile kama mzaha.

Jumatano, tarehe 23 Julai, Dongobesh. Baridi kali, umande mweupe kama unga juu ya nyasi, hakuna wingu hata moja.

Tulikuwa tumelala kwa Bi Rukia, mama mtu mzima mwenye hoteli ya chai kando ya barabara. Saa kumi na mbili na nusu Zubery alihesabu ishirini zake. Gari likawaka. Lilikwenda hatua kama mia mbili, likaanza kukwama na kukohoa kikohozi ambacho hata Sauda hakuwahi kukisikia, likazimika katikati ya barabara, pale kilima kinapoanza. Zubery alihesabu tena ishirini. Stata ilizunguka, injini haikuitika. Alishuka, akafungua boneti, akafungua ile skrubu ya hewa. Hakikutoka kitu, si hewa wala mafuta.

Akaifunga tena skrubu, akapangusa vidole kwenye suruali.

Ndipo lilipokuja lori la vitunguu la Bashiri, dereva wa Babati tuliyefahamiana naye. Alipunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani.

"Zubery, mashine imemaliza mahindi?"

"Salaam aleikum kwanza, Bashiri."

"Aleikum salaam. Nina kamba nene hapa. Nikikuvuta mpaka juu ya kilima, likishuka upande wa pili litawaka lenyewe."

"Kamba hapana."

"Kwa nini? Kamba yangu ina ukoma?"

Zubery alimweleza masharti. Bashiri alishuka, akaitazama barabara mbele na nyuma. Hapakuwa na mtu isipokuwa mbuzi wawili. "Nani ataona?" alisema. "Mimi sisemi. Huyu karani hasemi. Mbuzi hawajui Kiswahili."

"Meneja ataniuliza," Zubery alisema. "Na mimi nikidanganya nasema maneno mengi mno. Watu hunijua kwa urefu wa maneno."

Bashiri alicheka. Zubery hakucheka. Alikaa juu ya bampa, na kwa mara ya kwanza tangu gari lije nilimwona kama mtu aliyeanza kuliaga. Nikatoa ile karatasi ya masharti mfukoni, nikaisoma tena taratibu, neno kwa neno, kama nilivyofundishwa shuleni kusoma mtihani.

"Imeandikwa kuvutwa kwa kamba," nilisema. "Kusukuma hakukuandikwa."

Wote wawili walinitazama.

"Huyu mtu," Bashiri alisema, "mpeni ukadhi."

Tulilisukuma, sisi watatu pamoja na utingo wa Bashiri, tukaligeuza na kulirudisha chini mpaka uani kwa Bi Rukia, palipokuwa na jua na moto. Bashiri alikuwa na mzigo wa kuwahi, akatuaga. Zubery alifungua chujio. Chini yake lina kikombe cha kioo ambamo mafuta yanapaswa kuonekana safi, yenye rangi ya chai nyepesi. Kikombe kilikuwa kimejaa kitu cheupe, kimeganda, kama mafuta yaliyolala juu ya mchuzi wa jana.

Zubery alichovya kidole, akakisugua, akanusa. Akanipa mimi. Kilinuka dizeli, na nyuma ya dizeli kulikuwa na harufu nyingine niliyoifahamu lakini sikuweza kuitaja. Bi Rukia alikuja na birika mkononi, akainama juu ya kikombe.

"Hii ni siagi," alisema. "Siagi ya kibuyu kilichofukizwa moshi. Nimeinunua kwa Wabarabaig miaka ishirini, siwezi kuipoteza."

Zubery alikwenda nyuma ya gari, akarudi na kile kibuyu kitupu. Alikinusa, akampa Bi Rukia naye akakinusa, akatikisa kichwa kukubali. Tukakaa chini wote watatu. Hapakuwa na haja ya kuuliza. Mzee Gidamis alikuwa ameambiwa kwamba gari hili linakula mafuta, na si petroli. Alikuwa ameona mahali yanapoingilia. Tulipokuwa bandani aliyeyusha siagi, akapaka sehemu kidogo kwenye boneti kwa heri ya safari, na iliyobaki akalilisha gari lile. Joto la tambarare liliiweka majimaji, nalo gari likatupandisha mpaka Dongobesh. Baridi ya Dongobesh ndiyo iliyoigandisha.

"Na hakusema," nilisema.

"Aseme nini?" Bi Rukia alijibu. "Ukimlisha mgeni wa mtu, unakwenda kumtangazia? Kibuyu kimewekwa garini ili mjue."

Zubery alianza kucheka kwa kifua, bila sauti, mpaka machozi yakamtoka. Kisha akasimama, akakunja mikono ya shati. "Bi Rukia, naomba maji ya moto. Mengi."

Alituletea sufuria baada ya sufuria. Tuliyazungusha mabomba magunia, tukayamwagia maji ya moto, tukamwagia na tangi kwa nje polepole. Zubery alikiosha kikombe mara nne. Siagi aliyoitoa hakuitupa, aliiweka ndani ya kopo na kulifunika. Bi Rukia alichochea kuni akisema, "Nimewapikia madereva wengi. Gari ni la kwanza." Jua nalo lilipanda na kutusaidia. Saa tatu u nusu, skrubu ya hewa ilitoa povu, kisha mafuta. Zubery alihesabu ishirini. Nadhani alihesabu ishirini na tano. Gari likagonga, likanyamaza, likagonga tena, likaendelea.

Tuliingia Mbulu saa tano na dakika tano. Meneja alikuwa amesimama barazani pa ghala na saa yake mkononi, pamoja na fundi wa kampuni. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Alisema, "Mmechelewa saa moja na dakika tano."

"Ndiyo, bwana. Nisamehe."

"Limevutwa?"

"Halikuvutwa, bwana. Limesukumwa."

Angeweza kuishia hapo. Swali lilikuwa limejibiwa, na jibu lilikuwa la kweli. Nilimwona anavuta pumzi, nikaomba kimoyomoyo anyamaze. Badala yake alichukua lile kopo kutoka kwenye kiti, akalifunua mbele ya meneja na kumsimulia yote tangu mwanzo, debe, faneli, kibuyu, baridi. Safari hii alisema maneno mengi na yote yalikuwa kweli.

Meneja alinusa kopo. Akampa fundi, naye akanusa. Akaenda kutazama boneti, ambalo bado lilikuwa na mstari wa siagi uliojaa vumbi.

"Kwa hiyo kosa ni la mzee?"

"Hapana, bwana. Mzee aliniuliza vizuri, mimi nikamjibu vibaya. Alitoa kitu bora alichokuwa nacho."

Meneja alimtaka fundi amwage tangi lote na kusafisha chujio, kazi iliyochukua muda wa chakula cha mchana. Mimi nilitakiwa kuonyesha daftari la maili na madebe. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akauliza kuhusu siku za Getanuwas, Gehandu na Masakta, kama tumekosa hata moja. Nilimwonyesha kwamba hatukukosa. Mwishowe alitoa kalamu yake akaandika chini ya karatasi ya masharti mistari miwili, akanipa niisome. Gari libaki Katesh. Kifuniko cha tangi kitiwe kufuli.

Zubery aliomba nisome tena. Nikasoma. Aliikunja karatasi ile, akaiweka mfuko wa shati upande wa moyo, na kwa maili kumi za kurudi aliendesha akitabasamu na barabara.

Dongobesh tulisimama kumshukuru Bi Rukia. Zubery alinunua asali kwake na kujaza kile kibuyu hadi shingoni, kwa kuwa chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Bi Rukia alimuuliza kama anajua asali ile mzee ataifanya pombe. Zubery alisema, "Mimi natoa asali. Baada ya hapo ni mambo yake." Tulifika Katesh kabla ya giza. Alishusha baiskeli kutoka kwenye boriti, akanipa mimi. Ninaipanda hadi leo.

Alhamisi, tarehe 24 Julai, asubuhi. Baridi ya wastani, Hanang ulikuwa wazi hadi kileleni. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Gehandu, lakini Zubery aliamka mapema ili apitie Getanuwas kwanza. Alihesabu ishirini zake, Sauda akamwambia amsalimie mke mwenza, tukaondoka. Mzee Gidamis alikuwa anafungua zizi. Zubery alimsalimia, akampa kibuyu kwa mikono miwili. Mzee alikipima uzito, akafurahi, akalitazama pikapu.

"Lilifika?"

"Lilifika, mzee. Lilishiba mpaka likashindwa kuamka."

Kisha akatoa ufunguo, akafungua kufuli mpya ya tangi, na kumwomba mzee asogee anuse. Mzee Gidamis aliinama, akanusa, akarudi nyuma hatua mbili akifuta pua kwa kiganja.

"Haya si mafuta," alisema.

"Si mafuta, mzee. Yanaitwa dizeli. Nilikuambia vibaya, ndiyo maana nimekuja leo ingawa si Jumanne."

Mzee alilirudia neno mara mbili tatu mpaka likamkaa mdomoni. Zubery akafunga kufuli, akaingia bandani pamoja naye kutazama ngozi mbili zilizowambwa jana.